Nyumba ya Jumatatu Hadi Ijumaa

Sehemu ya Saba

Ulipokunja gazeti wiki jana, Nafuna alikuwa ameinua sufuria ya maji yanayochemka, na binti yake Phanice alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mabati. Najua ulichotaka. Ulitaka maji yamwagike.

Hayakumwagika. Nafuna alimpita bintiye, akayatia kwenye beseni la vyombo, akatupia sabuni, akaanza kuosha vikombe. Kikombe cha kwanza alikisugua muda mrefu kuliko kikombe chochote kinavyohitaji.

“Rudia,” akasema bila kugeuka. “Umeuza nini?”

“Nyumba, mama.”

“Nyumba gani?”

“Hii.”

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi, kisa ni hiki. Phanice anashona sare za shule Kawangware. Anaishi Kamulu, mbali kabisa na mji, katika nyumba iliyojengwa na mumewe, Derrick Wanzala, mwenye duka la misumari na saruji hukohuko. Phanice anatoka watoto wamelala na anarudi watoto wamelala. Yule mdogo ameanza kumwita auntie.

Ndipo ikatokea bedsitter, nyumba ya chumba kimoja, Kawangware, ghorofa ya tatu, maji ndani, choo ndani, karibu na cherehani zake. Angelala hapo Jumatatu hadi Ijumaa, wikendi arudi kwake. Derrick alikubali kutoa nusu ya bei. Nusu ya pili ingetoka kwenye chumba hiki cha Mashimoni, Kibera, ambamo Phanice alilelewa na ambamo mama yake anaishi hadi leo.

“Nani alikwambia hii nyumba ni yako?” akauliza Nafuna.

“Mabati ni yangu, mama.”

Hapo Phanice alikuwa na neno. Mashimoni hakuna anayeuza udongo. Udongo ni wa serikali, hata mtoto wa chekechea anajua. Kinachouzwa ni mabati na mbao. Na mwaka ule moto ulipopita safu yao, Nafuna ndiye aliyesimamisha nguzo upya, lakini aliyeezeka alikuwa Phanice, kwa mshahara wake wa kwanza. Kwa hiyo alijiambia kwamba anauza kilicho chake. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu mwenye haki.

“Sawa. Mabati ni yako. Na mimi nitalala wapi?”

“Kamulu. Na wajukuu wako.”

Nafuna akaweka kikombe chini. Sasa aligeuka.

“Kwa Derrick?”

“Kwetu, mama.”

“Ilijengwa na nani?”

“Derrick.”

“Basi ni kwa Derrick. Phanice, unataka nilale chini ya paa la mkwe wangu? Nivue viatu kando ya viatu vyake? Nioge, yeye akisikia maji?”

Usicheke. Derrick na Nafuna hawajawahi kushikana mikono tangu harusi. Wakikutana njiani, Derrick hushuka mtaroni ampishe, na mitaro ya Kibera unaijua. Ndivyo walivyolelewa wote wawili huko kwao Bungoma: mama mkwe na mkwe hawaketi karibu, hawali pamoja, na hakuna anayeona kitanda cha mwenzake. Phanice amekulia mjini. Kwake yeye hayo yalikuwa maigizo ya watu wazima.

“Mama, hiyo ni mambo ya kitambo. Derrick alisema atakujengea chumba chako nje, mlango wake kando.”

“Amejenga?”

“Bado.”

“Ameanza?”

“Amechimba msingi.”

“Amechimba shimo. Mshukuru. Mwambie nitalala kwa shimo.” Nafuna akafuta mikono. “Na yule msichana wenu wa kazi?”

“Nilimwachisha wiki jana.”

Phanice alijibu haraka kuliko alivyofikiri, na jibu likishatoka halirudi. Mama yake alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

“Kumbe,” akasema polepole. “Kumbe hunitafutii nyumba. Unanitafutia kazi.”

Phanice alijiandaa kwa kilio. Alijiandaa kwa wazee wa kijiji, kwa mchungaji, kwa majirani kuitwa mashahidi. Hakujiandaa kwa kilichofuata.

“Sawa,” akasema Nafuna. “Nipeleke nikaione.”

“Nini?”

“Hiyo nyumba yako ya Kawangware. Kama ndiyo imekula yangu, acha nione imeshiba aje. Ngoja nivae.”

Phanice alitoka nje, akasimama kichochoroni, akapiga simu huku ameziba mdomo kwa kiganja. Aliyepokea alikuwa Mabrouka, Mnubi mwenye vyumba safu nzima pale Mashimoni, na ndiye mnunuzi.

“Mama Mabrouka, natoka na yeye sasa hivi.”

“Amekubali?”

“Amekubali kuona.”

“Mimi sikukuuliza kuona, mwanangu. Nimeshamtumia mumeo pesa. Vijana wangu wamekaa hapa na nyundo tangu asubuhi, wanakunywa chai yangu tu.”

“Tukishapita ile kona ya kioski ya maji, ingieni. Vitu vyake mtoe polepole.”

Umesoma sawasawa. Phanice alikuwa anampeleka mama yake kuona nyumba moja ili ya pili ing’olewe nyuma yao. Kama ulikuwa unatafuta mahali pa kuacha kumpenda, hapa panafaa. Mimi bado nampenda kidogo, kwa sababu nimeona anavyosinzia juu ya cherehani na sindano inavyomchoma.

Nafuna alitoka amevaa gauni la kanisani, leso imefungwa kiunoni, kitambaa kichwani. Akafunga mlango kwa kufuli. Akavuta kufuli kuhakikisha. Akavuta tena. Kisha akatia ufunguo kifuani, na Phanice akaangalia pembeni.

Kawangware walimkuta Murunga amesimama mlangoni mwa flati, dalali mwenye tabasamu lisilokwenda likizo.

“Karibu, mathe! Hii ndio ile keja. Maji iko, stima iko. Mwenye flati anataka deposit leo hii, sababu kuna mtu mwingine ako njiani.”

Kwa madalali kuna mtu mwingine yuko njiani siku zote. Huwa hafiki, lakini hachoki kutembea.

Nafuna alipanda ngazi bila kushika ukuta. Ndani, alifungulia bomba, akatazama maji, akafunga. Aliingia chooni, akavuta maji, akasikiliza, akavuta tena. Aliwasha taa mchana, akaizima. Akapima chumba kwa macho, kutoka dirishani hadi mlangoni, na haikumchukua muda.

“Hii ndio yote?”

“Ni bedsitter, mathe. Kila kitu mahali pamoja.”

“Hata kwangu kila kitu kiko mahali pamoja. Na hakuna mtu alikuja na tai kuniuzia.”

Murunga akacheka peke yake. Phanice alitazama simu. Hakukuwa na ujumbe. Alitamani Mabrouka achelewe, kisha akatamani awe ameshamaliza, na hakujua ni lipi analotamani zaidi.

“Phanice.” Sauti ya Nafuna ilikuwa imebadilika. “Hebu leta mikono.”

Alileta. Mama yake akaigeuza, akatazama vidole vilivyotobolewa na sindano, kucha zilizoingia rangi ya vitambaa vya sare.

“Unalala?”

“Nasinzia tu, mama. Kwa gari. Kwa mashine.”

“Mbona hukuniambia hivyo? Uliniambia habari ya mabati. Ungeniambia umechoka.”

Phanice akafungua mdomo. Ninaapa alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika menoni, “Mama, turudi nyumbani haraka,” na wakati huohuo viatu vikasikika kwenye ngazi, na Derrick Wanzala, aliyekuja kulipa deposit, akatokea mlangoni akihema.

Alipomwona mama mkwe wake, alirudi nyuma kama ilivyo desturi, akasimama koridoni, uso ukutani.

“Phanice, mwambie mama namsalimu.”

“Mwambie nimesikia,” akasema Nafuna, naye akageukia dirisha.

Baina yao palikuwa na hatua ambazo kuku angeziruka. Lakini maneno yote yalipita kwa Phanice, aliyesimama katikati akigeuza kichwa huku na huku.

“Mwambie mama hii ni nyumba ya kazi. Wewe unalala hapa siku za kazi. Na mimi nikija mjini kununua mali ya duka, napumzikia hapa.”

“Muulize anapumzika kwa kitanda gani.”

“Mwambie ni nyumba yangu pia. Nusu ni yangu.”

“Muulize ile nusu ingine ni ya nani.”

Derrick akakwaruza rangi ya ukuta kwa kucha. Murunga alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaamua kutazama simu yake.

Ndipo Nafuna alipofungua leso kiunoni. Aliitandika kwenye vigae katikati ya chumba, akainyoosha pembe zote. Akavua viatu, akaviweka kando ya ukuta, vimeelekea mlango. Kisha akalala. Alilalia ubavu, kiganja chini ya shavu, akafumba macho.

“Mama, unafanya nini?”

“Nalala.”

Derrick alichungulia kwa pembe ya jicho, akaona miguu ya mama mkwe wake mitupu juu ya leso, akapiga kelele.

“Phanice! Mwambie aamke! Mwambie aamke sasa hivi!”

“Mwambie nimeshalala,” akasema Nafuna macho yamefumbwa. “Na mahali nimelala mimi, yeye haingii. Leo wala kesho.”

“Mathe, kwani hii ni nini tena?” akauliza Murunga.

“Deposit yangu,” akasema Nafuna.

Phanice aliona kosa lake lote kwa mara moja. Angemleta Derrick kwanza, alale yeye kwanza, anyoe ndevu kwenye sinki lile, mama yake asingevuka kizingiti. Badala yake alimtanguliza mama mkwe katika nyumba tupu isiyo na kitanda cha mtu, na mama mkwe ametia chake. Mtu yeyote wa kwao angelijua hilo kabla ya kupanda ngazi.

Nafuna akainuka, akaketi juu ya leso, akamshika Phanice kifundo cha mguu.

“Nunua, mwanangu.”

“Nini?”

“Nunua hii. Mashimoni uza, sitakufuata na maneno. Pale nimezeeka na moshi, na nimechoka kuamka usiku nikisikia moto. Tutakaa hapa wawili, wewe na mimi, siku zako za kazi. Utafika utapata chakula. Utalala. Wikendi uende kwa bwanako, mimi nibaki nifue.”

Phanice alifurahi mno. Hicho ndicho hakuthubutu kuomba. Mama na nyumba, vyote, bila ugomvi! Halafu akakumbuka nyundo. Alikuwa ameiba kitu alichokuwa anapewa bure.

“Umesikia, Derrick?” akakimbilia koridoni. “Amekubali! Amekubali mwenyewe!”

“Nimesikia. Murunga, hakuna deposit.”

“Derrick!”

“Pesa yangu hainunui nyumba siwezi kuingia.”

“Ni mwiko tu. Mbuzi atachinjwa, wazee wakae, iishe.”

“Mbuzi wa kusema nini? Ati mama mkwe alinifukuza kwa keja yangu akiwa amelala? Nitawaambia nini huko nyumbani?” Alishusha sauti, na aliposhusha sauti ndipo alipokuwa mbaya zaidi. “Chagua, Phanice. Yeye hapa, ama pesa yangu hapa. Na usisahau pesa ya Mabrouka pia iko kwa simu yangu.”

Nyuma yao Nafuna alikuwa amesikia. Alisimama, akakunja leso mara mbili, akaifunga kiunoni. Akavaa viatu.

“Msigombane,” akasema. “Sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Acha nirudi kwangu.”

Na akatoa ufunguo kifuani, akaushika mkononi, tayari.

Phanice alishuka ngazi kwa pupa akipiga simu. “Mama Mabrouka, simamisha! Simamisha kila kitu!”

“Nisimamishe nini, mwanangu? Mabati yako chini. Wanashusha mbao.”

Walipanda boda boda moja kurudi Kibera, mama katikati, binti nyuma. Kwa hiyo mdomo wa Phanice ulikuwa karibu na sikio la mama yake njia nzima. Angeweza kusema wakitoka Kawangware. Angeweza kusema wakipita Ngong Road, au wakishuka Kibera. Hakusema. Alitumaini, kama wajinga wote tunavyotumaini, kwamba labda vijana wale wamefanya kazi vibaya.

Walikuwa wameifanya vizuri.

Watu walikuwa wamejaa kichochoroni. Walipomwona Nafuna walipisha, na waliopisha waliangalia chini. Mabati yalikuwa yamepangwa ukutani kwa jirani, safi, moja juu ya lingine. Ukuta wa nyuma haupo. Ukuta wa upande haupo. Mlango tu ndio uliobaki umesimama kwenye fremu yake, umefungwa, kufuli inaning’inia palepale alipoiacha.

Nafuna alitembea hadi mlangoni. Alitia ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma mlango, akaingia kwake, juani.

Hakuna aliyecheka. Angekuwa mtu mwingine wangecheka.

Kitanda chake, ambacho vijana walikuwa hawajakitoa, kilikuwa peupe, godoro na madoa yake yote, mto uliochanika, ndoo ya haja ndogo chini ya kitanda. Majirani wa miaka na miaka walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza anavyolala. Nafuna akachukua blanketi, akalifunika godoro, akalinyoosha upande mmoja, akazunguka, akanyoosha upande wa pili.

Mabrouka aliinuka kwenye kiti cha plastiki alichokuwa amekalia chini ya mwavuli.

“Mama Phanice, pole. Mimi nimenunua kwa mtoto wako. Niliambiwa mmeongea.”

“Tumeongea,” akasema Nafuna. Akamgeukia bintiye. “Ulijua?”

“Mama, mimi…”

“Nikikushika mikono kule Kawangware. Nikikuambia nitakupikia. Ulijua?”

Nafuna alitikisa kichwa taratibu, kisha akawageukia majirani. Alichosema baadaye aliwaambia wao, Phanice asimame pale asikie.

“Nilizaa wawili. Khamala na huyu. Khamala alikufa kwa surua, kwa hiki kitanda mnaona, nilichokitoa kwa moto. Alikuwa mtoto wa kunichotea maji. Miaka yote hii nimekuwa nikimuuliza Mungu kwa nini alimchukua. Leo namuuliza lingine. Namuuliza kwa nini hakuchukua huyu.”

Mwanamke mmoja akasema “Woi!” na kuziba mdomo. Hata vijana wa nyundo waliacha kazi.

Kuna maneno ambayo mzazi akiyatoa, hata aombe radhi hadi kufa, yamebaki yamekaa. Phanice alikuwa amekuja pale na aibu. Angeanguka magotini, alikuwa karibu kuanguka. Lakini aliposikia hayo aibu ilikauka, na mahali pake ikaja hasira, na hasira ni rahisi kubeba. Yeye ndiye aliyebaki hai! Yeye ndiye aliyeezeka! Kaka aliyekufa hajawahi kununua hata msumari.

Pikipiki nyingine ikasimama. Derrick.

Alikuja hadi mlangoni na kusita, mguu mmoja hewani, kwa mazoea ya miaka. Kisha akainua macho. Alitazama pale palipokuwa paa. Alitazama mbingu kwa muda. Na nikuambie ukweli, nilimwona akitabasamu.

Akavuka kizingiti.

“Derrick, toka!” akasema Phanice.

“Nitoke wapi? Nyumba ni paa. Hapa hakuna paa.” Na kwa mara ya kwanza tangu harusi yake alimtazama mama mkwe wake usoni na kusema naye moja kwa moja. “Hapa ni kiwanja, mama. Na kwa kiwanja hakuna mkwe.”

Kisha akaketi kitandani. Juu ya lile blanketi lililonyooshwa.

Kelele zilizopigwa na wanawake wa Mashimoni zilifika hadi mtaa wa Sarang’ombe. Nafuna hakupiga kelele. Alisimama tu, mikono imelegea, akitazama blanketi linavyobonyea.

“Tumalize,” akasema Derrick, simu mkononi. “Pesa iko hapa, ya Mabrouka na yangu. Murunga ananipigia, yule mtu mwingine amefika, na safari hii si uwongo, nimesikia sauti yake. Mama apande basi ya Bungoma leo, na Kawangware asikanyage tena. Hivyo nalipa. Ama narudishia Mabrouka zake, na wewe Phanice uendelee kuamka na majogoo. Sema moja.”

“Bungoma kwa nani?” akauliza Mabrouka, hata yeye. “Huyu mama hana mtu Bungoma. Nyumba ya marehemu ilianguka, shamba mashemeji waligawana. Mnampeleka kwa nani?”

“Hiyo si swali yako. Wewe umepata kiwanja.”

Mabrouka akarudi kwenye kiti chake, kwa sababu kweli alikuwa amepata.

Nafuna alivua kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na wengi hawakujua. Alifungua leso kiunoni, ikaanguka vumbini, hakuiokota. Kisha akainama, akashika pindo la gauni lake la kanisani kwa mikono miwili.

Wanawake walielewa kabla ya wanaume. Walianza kuwageuza watoto, kuwaziba macho, kuwasukuma nyuma ya kuta.

“Mama Phanice, usifanye!” Mabrouka alipiga hatua, kiti kikapinduka. “Kwa jina la Mungu, usifanye hivyo! Huyu ni mtoto wako!”

“Mkwe wangu amekalia kitanda changu,” akasema Nafuna kwa sauti ya kawaida kabisa. “Amebakisha kuona nini? Acha aone. Na huyu naye aone mahali alitoka.”

Nani asiyejua maana yake? Mama akimvulia nguo mwanawe kwa hasira amemlaani, na hapo hakuna mbuzi wa kuchinja na hakuna wazee wa kuketi. Wako watu wazima, wenye magari, wanaosema hawaamini mambo hayo, na hakuna hata mmoja wao ambaye angesimama pale aliposimama Phanice.

“Phanice!” Sauti ya Derrick ilikatika. Alikuwa amesimama ghafla, mguu ukigonga kitanda. “Phanice, sema! Nilipe ama nisilipe?”

Alikuwa na neno la kumzuia mama yake. Wote waliliona. “Rudisha pesa,” na pindo lingeshuka. Angemkumbatia, angeokota leso, wangelia wote wawili, na jioni mabati yangeanza kurudi juu. Phanice aliliona neno hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kisha akafikiria bomba lile la Kawangware. Akafikiria mtoto wake akimwita auntie. Akafikiria Khamala, aliyependwa kuliko yeye kwa sababu alikufa mapema.

“Lipa,” akasema.

Pindo likapanda. Likapita vifundo, likapita miundi, likafika magotini.

Derrick alikuwa ameinua simu. Lakini ili kutuma pesa ni lazima uangalie simu, na nyuma ya simu alikuwepo mama mkwe wake. Alibonyeza, akaona magoti, akafumba macho, akajaribu kubonyeza gizani, akakosea.

“Siwezi!” akalia mtu mzima yule, kiganja usoni. “Siwezi kuangalia! Phanice, siwezi!”

Phanice akampokonya simu. Namba ya siri aliijua, namba ya siri ya mumewe mke gani haijui? Alimgeuzia mama yake mgongo, akaikinga simu na jua kwa mkono wa kushoto, akaanza kubonyeza.

Nyuma yake alisikia kitambaa kikivutwa juu ya kichwa, halafu wanawake wote wa Mashimoni wakapiga yowe kwa pamoja. Mtu aliita jina lake. Hakugeuka. Ilikuwa imebaki tarakimu moja.